Yule Kipanga Mweupe Hali Kuku



Hapa kwetu katika bonde la Ruzizi, kuanzia Uvira mpaka Kamanyola, kila ndege mwenye makucha makali tunamwita kipanga, na watoto wanamfuata na manati. Sababu ni vifaranga. Lakini yule anayepigwa mara nyingi, juu anakaa pahali pa wazi, si yeye mwizi.

Mumuangalie vizuri. Ni mdogo, sawa njiwa. Kichwa na tumbo ni vyeupe, mgongo ni wa kijivu, na kila bega liko na doa kubwa jeusi. Mkubwa ana macho mekundu. Kinda lake lina rangi ya kahawia mgongoni, basi msichanganyikiwe. Anapenda mti mkavu ao waya ya umeme, huku anachezesha mkia juu na chini. Halafu anaruka, anasimama hewani pahali pamoja akipigapiga mabawa, macho chini kwenye shamba. Mukiona hivyo, kazi ya kumtambua iko karibu kwisha. Kuna mwingine anayesimama hewani vile, mwenye mgongo mwekundu wa madoadoa. Huyo anakula panya na panzi, naye mumuache.

Chakula cha huyu mweupe ni panya, karibu kila siku. Hata akila mmoja tu kwa siku, ni zaidi ya 300 kwa mwaka, panya wa kuchimbua mbegu za mihindi na kukata mpunga. Mwenye mashaka aende chini ya mti anapolala. Atakuta vidonge ambavyo ndege ametapika. Avunje kwa kijiti: ni manyoya na meno ya panya.

Mwizi wa vifaranga ni mwewe wa kahawia, mkubwa zaidi, mdomo wa manjano, mkia umegawanyika sawa mkia wa samaki. Mwingine anajificha ndani ya miti, ana mabawa mafupi na mkia mrefu wa mistari, na anatoka gafula. Juu yao pia manati haisaidii sana. Wamama wanaofunika vifaranga kwa kitunga majuma ya kwanza wanapata faida kuliko wenye kurusha mawe.

Sasa neno gumu: dawa ya panya. Ile ya sokoni, isiyo na karatasi ya maelezo, inaweza kuua polepole. Panya aliyelewa dawa anatembea mchana, na ndiye ndege anashika kwanza. Panya watazaa tena upesi. Kipanga anataga mayai matatu ao mane tu. Mitego ni bora. Kama dawa imekwisha kuwekwa, muokote panya waliokufa kila asubui, mkono ndani ya mfuko wa plastiki, muzike kwa kina, pahali mbwa hawafukui.

Na katika shamba lisilo na mti, musimike mti wa metre tatu wenye kijiti cha kulala juu yake. Kipanga atakuja kukaa mwenyewe.