SOMO: VIFO VYA MAFURIKO HUZUIWA WAKATI WA KIANGAZI



Mvua hatuipangi, lakini mahali pa kujenga na pa kuvukia twapachagua wenyewe. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivuka kiwango cha 1964, na mwaka 2024 likavuka hata hicho cha 2020.

Mto Mara waanzia misitu ya Mau, Kenya. Waweza kufurika Butiama siku isiyo na wingu. Mito Grumeti na Rubana nayo huleta Bunda maji ya mbali. Angojaye mvua ya kwake huchelewa.

Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 za ukingo wa ziwa au mto. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 yaweka kamati hadi kijijini. Chama kishirikiane na kamati hiyo, kabla ya masika, kutimiza haya:

1. Kuorodhesha kaya za mabondeni, hasa zenye wazee na wagonjwa.
2. Kutenga ghala lililo mwinukoni liwe kimbilio.
3. Kumteua mtu wa kupokea na kutangaza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa.
4. Kusimika nguzo ya alama kila kivukoni. Maji yakiifikia, asivuke mtu. Mzigo uliochelewa huuzwa kesho; aliyechukuliwa na maji harudi.

Swali la kujadili: Usiku wa manane, ufunguo wa ghala lenu uko kwa nani?