Makaburi ya Kale Kisiwani Mombasa: Yanafunza Nini na Yanalindwaje?

Watu wameishi kisiwani Mombasa kwa karne nyingi, na wafu wao wamo katika ardhi hii hii inayochimbwa misingi na mashimo ya vyoo.

Katika miaka ya 1970, mtaalamu Hamo Sassoon alichimba kwenye uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani, nje ya Mji wa Kale wa leo, akapata mabaki ya mji uliokuwapo karne kadhaa kabla ya Wareno kufika. Karibu na hapo, kwenye Shule ya Upili ya Allidina Visram, wenyeji hulitambua kaburi la Shehe Mvita. Upande wa pili wa kisiwa, Mbaraki, ungalipo mnara wa kale wa mawe ya matumbawe.

Kaburi la kale hufunza kwa mpangilio wake: mwili umelazwa vipi, umeelekea wapi, na kuna nini kando yake. Huko Lothagam, Turkana, wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita walizika mamia ya watu mahali pamoja, wakaweka na nguzo za mawe. Wataalamu waliona kwamba wanaume, wanawake na watoto walizikwa pamoja, wakiwa na mapambo yao. Hilo lilijulikana kwa sababu mifupa na shanga zilikuwa bado mahali pake. Zikishahamishwa, hakuna anayeweza kuzirudisha zilivyokuwa.

Ndiyo maana Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inamtaka anayegundua mnara au kitu cha kale awaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, akieleza mahali na jinsi alivyokiona. Kuchimba kwa nia ya kutafuta mabaki kama hayo kunahitaji leseni.

Kwa mwenye ploti na fundi wake, mambo ni manne:

1. Sepetu ikigonga mifupa, vigae au ukuta wa zamani, kazi isimame hapo.
2. Kitu kisiondolewe wala kuoshwa.
3. Mahali pazungushiwe kamba na papigwe picha.
4. Taarifa ipelekwe Fort Jesus, kwenye ofisi za Makavazi ya Kitaifa.

Msingi unaweza kungoja siku chache. Kaburi likishavunjwa halisomeki tena.