Nyumba Imeshakabidhiwa, Paa Linavuja: Nani Atengeneze?

Kila masika, kuanzia Kibosho hadi Marangu, maswali ni yale yale. Nyumba mpya ya kihambani imepata nyufa au inavuja, na aliyeijenga alishalipwa akaondoka.

Akishakabidhi, si ndiyo basi?

Hapana. Mkataba mzuri wa ujenzi, kama ule wa mfano wa Baraza la Taifa la Ujenzi (NCC), una kipindi cha matazamio kinachoanza baada ya makabidhiano. Mara nyingi ni miezi 6 au 12. Kasoro ikijitokeza humo kwa sababu ya kazi mbovu au vifaa hafifu, mkandarasi anarudi kuirekebisha kwa gharama zake. Kitasa ulichovunja mwenyewe hakimhusu.

Tuandike miezi 6 au 12?

Kwa huku mlimani ni 12, na nawasihi msikubali pungufu. Nyumba nyingi humaliziwa kiangazi ili familia ije Krismasi. Ukikabidhiwa Julai kwa miezi 6, muda unakwisha Januari. Desemba mmelala humo, mmefurahi, mmerudi Dar es Salaam. Mvua kubwa zinakuja Machi hadi Mei, na hapo ndipo doa la kahawia linapotokea kwenye dari, chini ya msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni. Hapo pia ndipo maji ya shamba la juu yanapojikusanya nyuma ya ukuta usiochimbiwa mfereji. Kipindi kisichogusa masika hakijaipima nyumba.

Nitamrudishaje wakati ameshalipwa?

Ndiyo maana halipwi yote. Mkataba utaje asilimia inayozuiliwa katika kila malipo. Tuseme kazi ni ya shilingi milioni 80 na zuio ni asilimia 5: hiyo ni milioni 4. Kwa kawaida nusu hutolewa siku ya makabidhiano, na milioni 2 zinabaki mpaka matazamio yaishe na kasoro zirekebishwe.

Naweza kuita fundi mwingine?

Kwanza mwandikie mkandarasi barua, taja kasoro chumba kwa chumba, ambatanisha picha, mpe muda. Ukimruka, atasema fundi wako ndiye aliyeharibu, na huenda akasikilizwa. Akikaidi, ita mwingine na gharama zikatwe kwenye zuio, kama mkataba unavyoruhusu.

Matazamio yakiisha?

Haki ya kudai fidia kwa mkataba uliovunjwa haifi siku hiyo. Lenta yenye nondo pungufu inaweza kujionyesha baada ya miaka. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, na saa huanza kuhesabu tangu haki ya kudai ilipotokea, kwa hiyo muone mwanasheria mapema.

Sisi tulikubaliana kwa mdomo.

Makubaliano ya mdomo yanaweza kutambuliwa kisheria, ila kuyathibitisha ni kazi. Tunza meseji, risiti na majina ya mashahidi. Kama ni mkandarasi aliyesajiliwa, peleka malalamiko Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB).

Na ninyi mnaotarajia kuchimba msingi mwaka huu, andikeni walau karatasi moja, ikiwa na matazamio na zuio, isainiwe mbele ya mashahidi kabla lori la kwanza la mawe halijashusha.