Makamasi Wakati wa Kukimbia

Wazazi wengi humkataza mtoto kukimbia asubuhi kwa sababu pua yake huchuruzika makamasi. Wanadhani ni mafua. Mara nyingi sivyo. Kazi mojawapo ya pua ni kupasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Anayekimbia huvuta hewa nyingi, na ikiwa ni ya baridi au ina vumbi, pua hutoa majimaji zaidi. Makamasi hayo ni mepesi kama maji, nayo hupungua akipumzika. Vidonge vya antibiotiki, ambavyo wengine hukimbilia kuvinunua dukani, havisaidii kitu hapo.

Mpe mtoto kitambaa safi, apenge taratibu, tundu moja kwanza, kisha la pili.

Lakini sikilizeni kifua. Mtoto anayekohoa sana au kutoa sauti ya mluzi kifuani baada ya kukimbia huenda ana pumu, apelekwe zahanati. Vilevile mtoto mdogo akitokwa na makamasi yenye harufu mbaya katika tundu moja tu, huenda ameingiza punje ya harage. Msijaribu kuitoa kwa kijiti.