Kukabidhi Jina la Kikoa kwa Mnunuzi

Wanunuzi wengi wa majina ya vikoa hupewa nywila ya tovuti, wakalipa, wakadhani wamemaliza. Bado. Nywila hiyo inafungua kurasa tu. Mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwa msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya vikoa, na asipobadilishwa huko, anaweza kulizima au kuliuza kwa mwingine huku fedha zako ameshazipokea.

Hata muuzaji mwaminifu huweza kukwama hapa. Biashara nyingi ziliandikishiwa jina na fundi aliyetengeneza tovuti, naye akajiandika mwenyewe. Muuzaji, ingia kwenye akaunti ya msajili na uhakikishe jina ni lako kabla hujalitangaza. Mnunuzi naye aulize linakwisha lini.

Kama nyote mnatumia msajili mmoja, jina huhamishwa kutoka akaunti hadi akaunti, na kazi ni nyepesi. Wasajili wakiwa tofauti, muuzaji huondoa kufuli la uhamisho, huomba msimbo wa uhamisho na kumpa mnunuzi, ambaye huupeleka kwa msajili wake na kulipa ada. Kwa .com, ada hiyo huongeza mwaka mmoja wa usajili. Msajili wa zamani ana siku 5 za kujibu. Akinyamaza, uhamisho unapita. Jina lililosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita huenda likazuiwa, kwa hiyo ulizeni mapema.

Msimbo huo ni siri. Kufuli likiwa wazi, yeyote aliyeupata anaweza kuliondoa jina. Ndiyo maana tunashauri fedha zikae kwanza kwa mshika amana anayeaminika na asiye na upande: mnunuzi aweke fedha, muuzaji ahamishe, mnunuzi athibitishe, ndipo muuzaji alipwe.

Majina ya .tz husimamiwa na TCRA na ya .ke na KeNIC. Taratibu zao si zile za .com, msajili wako atakueleza.

Jina likishafika, mnunuzi abadilishe jina la mmiliki, simu na barua pepe, kisha arudishe kufuli. Barua pepe ya mawasiliano isiwe ya kikoa hicho hicho: usajili ukikatika, nayo hukatika, na taarifa za msajili hazitakufikia.