Kujifunza Gitaa la Besi Bila Mwalimu: Mambo Sita ya Kuanza Nayo



Leo tunaongea na wewe ambaye kwaya yenu ina gitaa la besi, limeegemezwa ukutani na linapata vumbi kwa sababu aliyekuwa akilipiga amehama. Unatamani kulipiga, lakini hakuna wa kukufundisha. Je, inawezekana kujifunza mwenyewe? Ndiyo, inawezekana kabisa.

Ila tuelewane kitu kimoja. Asiye na mwalimu siku hizi hakosi masomo, maana simu imejaa video. Anachokosa ni mtu wa kumwambia, "Hapo umekaza mkono, legeza." Kosa la wiki ya kwanza lisiposahihishwa linakuwa mazoea, na mazoea ya mkono kuyaondoa ni kazi kweli kweli. Wengine huishia kuumwa mkono na kuacha. Kwa hiyo usikimbilie nyimbo. Jifunze kwanza kujisahihisha mwenyewe.

1. Ijue besi yako

Besi ya kawaida ina nyuzi 4. Kuanzia ule mnene kwenda mwembamba ni E, A, D na G. Ukiipakata, uzi mnene ndio ulio juu, upande wa kidevu chako. Kila siku kabla ya kupiga, tyuni. Zipo programu za bure za simu. Kama huna, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 5: sauti hiyo ndiyo A, kwa hiyo uzi wa pili ukiachwa wazi ulingane nayo. Fanya vivyo hivyo kutoka A kupata D, na kutoka D kupata G.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: uzi wa E hutetemeka kama mara 41 tu kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa vizuri sauti nzito namna hiyo. Ukitaka kusikia besi inafanya nini kwenye wimbo, tumia spika za masikioni.

2. Mkono wa kushoto: bonyeza kidogo tu

(Kama unatumia shoto, geuza maelezo haya.) Kidole gumba kikae nyuma ya shingo ya gitaa, kisiikabe. Kifundo cha mkono kiwe karibu kunyooka. Bonyeza uzi karibu kabisa na chuma cha freti, kwa nyuma yake, siyo katikati ya nafasi. Ukibonyeza mbali, uzi utakwaruza na wewe utaongeza nguvu bure.

Jipime hivi: gusa uzi bila kubonyeza, piga, kisha ongeza nguvu polepole mpaka noti itoke safi. Hapo simama. Nguvu hiyo inatosha. Utashangaa ni ndogo kiasi gani.

Anzia freti ya 5, usianzie ya 1. Kwenye besi ya urefu wa kawaida, nafasi ya freti ya kwanza ni karibu sentimita 5, lakini ya tano haifiki 4. Mkono ambao haujazoea usiulazimishe kutanuka.

3. Mkono wa kulia: vidole viwili vipokezane

Egemeza kidole gumba juu ya pikapu, kile kisanduku kilicho chini ya nyuzi. Piga kwa kidole cha shahada, halafu cha kati, halafu cha shahada, bila kurukia. Kidole kikishapiga kiishie kwenye uzi mnene unaofuata, kipumzike hapo.

Kama huna amplifaya, jihadhari. Kwa kuwa husikii vizuri, utaanza kupiga kwa nguvu, na mkono utazoea ugumu huo. Fanya mazoezi chumbani kwenye utulivu, au legeza mkono na ukubali sauti ndogo.

4. Kunyamazisha nyuzi

Kwenye besi, ukimya ni nusu ya kazi. Uzi ulioachwa huru unaendelea kuvuma na kuchafua wimbo mzima. Ukipiga uzi wa A, kidole gumba cha kulia kihamie juu ya E kuunyamazisha. Kumaliza noti, legeza kidole cha kushoto bila kukiondoa kwenye uzi. Jaribu: piga noti, nyamazisha, piga, nyamazisha. Kama kuna mvumo umebaki, tafuta unatoka uzi gani.

5. Do re mi unayoijua tayari

Hapa mwanakwaya una bahati, kwa sababu solfa unaijua. Weka kidole cha kati kwenye freti ya 5 ya uzi wa E. Hiyo iite do.

Uzi wa E: do freti ya 5 (kidole cha kati), re freti ya 7 (kidole cha mwisho).
Uzi wa A: mi freti ya 4 (cha shahada), fa ya 5 (cha kati), so ya 7 (cha mwisho).
Uzi wa D: la freti ya 4 (cha shahada), ti ya 6 (cha pete), do ya 7 (cha mwisho).

Huku unapiga, imba. Sikio lako ndilo mwalimu wako sasa. Ukihamisha umbo hilohilo freti mbili mbele, umebadilisha ufunguo. Na angalia: fa iko freti ileile ya do, uzi wa pili, so iko freti mbili mbele yake. Kwa do, fa na so tu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi rahisi. Ukishazoea, chukua karatasi ya solfa ya kwaya yenu na upige mstari wa sauti ya nne. Huo ni somo tosha la miezi.

6. Dakika 20 kila siku

Weka metronomu ya simu kwenye 60, noti moja kwa kila pigo. Usiongeze kasi mpaka upige mara nne mfululizo bila kosa. Mara moja kwa wiki jirekodi video, kamera iangalie mikono. Tazama: gumba limekaba? Bega limepanda? Vidole vya kulia vinapokezana?

Ncha za vidole kuuma siku za mwanzo ni kawaida, ngozi itakomaa. Lakini maumivu ya kifundo au ganzi kwenye mkono siyo "kukomaa". Acha, pumzika, na yakiendelea muone daktari.

Mwisho, kumbuka unajifunzia nini. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 inafundisha kwamba vyombo visaidie sauti za waimbaji, wala visizifunike hadi maneno yasisikike. Mpiga besi akiyumba, kwaya nzima inayumba; akitulia, wengi hata hawamtambui, ila wanaimba kwa raha. Ukifika hapo, jua kwamba umeanza kuiva.

Basi, futa hilo vumbi, tyuni, anza na do. Tukutane somo lijalo!