Kisima Kimekufa, Simu Unayo: Namna ya Kusema Mtandaoni

Tuseme pampu ya kisima cha mtaa wenu imekufa, na hii ni wiki ya tatu. Michango ilikusanywa, hesabu hazijasomwa, na kina mama wanaamka saa kumi alfajiri kufuata maji mtaa wa pili. Uko Tabora: Ng'ambo, au Isevya, au kijiji kimoja njia ya kwenda Urambo. Hasira unayo, simu unayo. Kidole kinaandika chenyewe: "Mwenyekiti kala hela za kisima. Huyu mwizi tumtoe. Sambaza mpaka imfikie mkuu wa mkoa."

Usiitume bado. Sikwambii unyamaze. Tabora imeshanyamaza vya kutosha kuhusu maji, kuhusu malipo ya tumbaku, kuhusu dawa za zahanati. Ninachosema ni kwamba meseji hiyo haitaleta maji. Itamfanya mwenyekiti aache kujibu habari ya kisima aanze kujibu habari ya jina lake, na hapo wewe ndiye utakayetafutwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa mtu anayechapisha taarifa ya uongo au ya kupotosha kwa kompyuta, na simu yako ni kompyuta. Faini haipungui shilingi milioni 5, kifungo hakipungui miaka mitatu, au vyote viwili. Watu wengi huishia kwenye hiyo adhabu, wakaogopa, wakazima simu. Endelea kusoma kifungu. Kinataka mambo mawili: uwe unajua kwamba taarifa si ya kweli, na uwe na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Kwa hiyo kazi yako, kabla hujabonyeza, ni kuandika kwa namna ambayo ujuzi wako na nia yako vinaonekana wazi kwa mtu yeyote atakayeisoma meseji hiyo baadaye, akiwemo hakimu.

Itazame ikiandikwa upya:

"Leo Jumanne tarehe 4, saa 1 asubuhi, nimefika kisimani kwetu. Pampu haifanyi kazi. Ilisimama tarehe 14 mwezi uliopita. Kaya yangu ilichangia shilingi 5,000, risiti ninayo. Tunaiomba kamati ya maji itusomee mapato na matumizi, na ituambie pampu itatengenezwa lini."

Neno "mwizi" limeondoka, na meseji imekuwa kali zaidi. Meseji ya kwanza mtu anaweza kuikana kwa neno moja. Hii ya pili haikaniki. Inajibiwa kwa daftari la hesabu tu. Umeandika ulichokiona kwa macho yako, ukataja siku na saa, ukauliza swali, na ukaiuliza kamati, si mtu. Yale uliyoyasikia kwa jirani hukuyatia. Kama ni lazima yawemo, andika kwamba umeyasikia na hujayathibitisha, kisha jiulize kama kweli ni lazima.

Hapa naomba niigombeze methali moja tuliyolelewa nayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ilifaa kwa uvumi uliotembea kwa miguu, ambao hata ukikosea ulichukua siku kadhaa kufika Sikonge. Na hata huo wa miguu ulidanganya. Desemba 1866 wapagazi waliomtoroka David Livingstone walifika Unguja wakasema ameuawa. Habari ikavuka bahari. Ilibidi watu watumwe mwaka 1867 hadi upande wa Ziwa Nyasa, wakaulize huko huko alikopita, ndipo ikajulikana yu hai. Mbinu yao ndiyo hiyo hiyo ya leo: nenda pale jambo linaposemwa kutokea, au mpigie mtu aliyepo pale.

Ushahidi utunze tangu siku ya kwanza. Piga picha inayoonyesha pampu na mahali ilipo, si pampu peke yake. Picha ya asili ibaki kwenye simu yako, kwa sababu ikishapita WhatsApp hupungua ubora na hupoteza tarehe na saa iliyoandikwa ndani yake. Risiti ipige picha pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa mahakamani, lakini mahakama itataka kujua zilivyotengenezwa na zilivyotunzwa. Uwe na daftari. Andika: tarehe, nilichoona, nani alikuwepo. Daftari la shilingi mia tano limewaokoa watu ambao simu zao zilipotea.

Sasa tuje kwako wewe admini wa kundi la mtaa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji ilitanguliwa na kirangozi. Njia ilipogawanyika, kirangozi aliweka tawi au majani kwenye ile isiyofaa, ili wapagazi walioachwa nyuma wasipotee. Kazi ya admini naiona hivyo. Uongo ukiingia kwenye kundi, kuufuta kimya kimya hakutoshi, maana nusu ya watu wameshausoma na wameshautuma kwingine. Weka tawi. Andika: "Sauti iliyotumwa saa 3 usiku si ya kweli, nimempigia mtendaji wa kata, tafadhali aliyeituma mahali pengine akaikanushe huko pia."

Nasema haya kwa uchungu. Kundi la mtaa wetu liliwahi kupokea sauti ikisema kuna gari jeupe linachukua watoto. Mimi nilikuwa mmoja wa maadmini. Niliisikia, nikaitilia shaka, nikaenda kulala. Asubuhi dereva mmoja mgeni, aliyekuja kununua asali, alizingirwa na watu na kupigwa kabla wazee hawajamnusuru. Hakufa. Nilimwona ameketi chini ya mwembe, shati limechanika, anauliza amefanya nini. Tangu siku hiyo kundi letu lina kanuni moja iliyobandikwa juu: sauti isiyo na jina la mzungumzaji, mahali na tarehe haisambazwi, hata ikitoka kwa mtu mzima anayeheshimika.

Mnaouliza kama jina la kificho linatosha kuwalinda, kumbukeni kesi ya jukwaa la mtandaoni la JamiiForums. Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa baada ya polisi kutaka taarifa za watu walioandika humo bila majina yao, na yeye akakataa kuzitoa. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani katika moja ya kesi zake kwa kuzuia upelelezi, faini shilingi milioni 3 au mwaka mmoja jela. Nampa heshima zake zote. Lakini si kila mwenye mtandao atakusimamia hivyo, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye kampuni ya simu ikafutwe, maana siku itakapotumika kutapeli au kutukana, jina litakaloonekana ni lako. Kisha andika kila kitu kama vile jina lako liko chini yake.

Ukiitwa polisi, nenda, na uende na mtu. Uliza kosa unalotuhumiwa, jina la ofisa na kituo. Sheria ya Makosa ya Mtandao inampa mkuu wa kituo mamlaka ya kuidhinisha upekuzi na uchukuaji wa vifaa, hivyo usije ukashikana mashati kwa sababu ya simu. Omba uandikiwe kwamba imechukuliwa, lini na nani. Usifute chochote baada ya kujua kuna uchunguzi. Kufuta ni kosa jingine, na mara nyingi ni rahisi zaidi kuthibitishwa kuliko lile la kwanza. Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri akuelekeze walipo.

Vijana wenye chaneli za habari, nanyi: kundi la mtaa ni jambo moja, kutoa habari kwa umma kama chombo ni jambo jingine. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliweka ada ya maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Watu walifunga blogu zao. Kanuni mpya zilitoka 2020, zikarekebishwa tena 2022, kwa hiyo msitegemee mnachokumbuka. Ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, mkiwa na maelezo ya mnachofanya. Vivyo hivyo VPN: Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaoitumia wajitambulishe kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Binafsi naamini hongo, ule ushuru wa njia wa zama za misafara, ilikuwa nyepesi kuliko ada ile ya 2018. Mtemi aliyetoza msafara hongo alijua kwamba akizidisha, msafara utapita kwingine. Kijana wa Kaliua mwenye kamera moja hana pa kupitia.

Na njia yenyewe hufungwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alifunga barabara ya Tabora kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini, na pale Kwihara, karibu na Tabora, alikuta mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe ya Novemba 1870, bado haujafika kwa mwenyewe. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Aliyekuwa na namba zote ndani ya simu bila kuzikariri, aliyeweka pesa zake kwenye programu tu, aliyetegemea ujumbe wa WhatsApp kujua hali ya mgonjwa, alipata tabu. Jiandae sasa, kukiwa shwari. Andika namba kumi muhimu kwenye karatasi. Jifunze menyu ya nyota na reli ya huduma yako ya pesa, kwa kuwa haihitaji bando. Kaa na fedha taslimu za siku chache. Kubalianeni na ndugu: intaneti ikikatika, tunatumia meseji za kawaida, na fulani ndiye wa kupigiwa.

Turudi kisimani. Meseji yako nzuri imetumwa, wiki imepita, kamati haijajibu. Usipandishe sauti. Andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa Mtanzania haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Ibara ya 18 ya Katiba iko nyuma yako. Taja taarifa unayotaka bila kuizungusha: mapato na matumizi ya kisima, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Kama uko kijijini, uliza pia mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii ya mwaka utaitwa lini, kwani ndipo hesabu zinapopaswa kusomwa mbele ya watu.

Kisha hesabu siku kwenye daftari. Ya 31 ikifika bila jibu, piga picha barua yenye muhuri, iweke kwenye kundi, na chini yake andika: "Tuliomba tarehe hii. Leo ni siku ya 31. Pampu bado imesimama."